Diski ya nje, OneDrive au kuklonu: mwalimu anayeogopa kupoteza faili zake achague nini?

*"Habari, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Umoja, Nairobi, na jioni nasomea uzamili. Laptopu yangu ni ya Windows 11, SSD yake, yaani diski isiyo na kinachozunguka, ni ya GB 512 na imeshajaa karibu GB 400. Humo mna tasnifu yangu, mitihani, alama za wanafunzi, picha na video za familia tangu 2009, na sauti nilizomrekodi nyanya akisimulia kabla hajafariki. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu alinyang'anywa begi akishuka matatu. Laptopu ilienda, na diski ya nje aliyokuwa akihifadhia nakala ikaenda nayo. Tangu hapo usingizi hauji. Kaka yangu anasema nisijisumbue, OneDrive imeshachukua kila kitu. Fundi mmoja mjini ananiuzia flashi ya TB 2 kwa bei ya kutupa. Mwingine anataka kuklonu diski nzima. Nina diski ya nje ya TB 1 niliyonunua miaka kadhaa iliyopita, na dada yangu anaishi Thika. Pesa si nyingi, na intaneti ya ploti hujikokota jioni. Nichague njia gani?"*

Mwalimu, pole kwa yaliyompata mwenzako. Nitaanza na yeye, maana kisa chake kinajibu nusu ya swali lako. Hakuwa mzembe. Alinunua diski, akanakili faili zake, pengine kila wiki, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Kilichomponza ni kwamba faili na nakala yake zilikuwa zikisafiri katika begi moja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia ipi, jiulize kwanza: ni tukio gani moja linaloweza kuondoka na faili zangu pamoja na nakala zake zote kwa mkupuo? Wizi ndio uliokutisha, na una haki. Lakini zipo ajali nyingine. Chai humwagikia kibodi. Diski huanguka kutoka mezani ikiwa inazunguka. Stima hupotea kisha ikarudi kwa kishindo. Maji huingia nyumbani, kama yalivyoingia katika mitaa kadhaa ya Nairobi Aprili na Mei 2024. Virusi hufunga faili na kudai fidia. Wewe mwenyewe unaweza kufuta folda ya Kidato cha Tatu ukidhani ni ya mwaka jana, ukagundua baada ya miezi miwili. Na ipo moja inayosahaulika sana: kufungiwa nje ya akaunti yako kwa sababu simu iliyokuwa ikipokea namba za kuthibitisha imeibwa. Kila njia ya kuhifadhi huziba baadhi ya mashimo haya na kuacha mengine wazi, na sijaona inayoziba yote. Ndiyo maana sitakuchagulia njia moja. Nitakuchagulia mbili zisizokufa kwa ugonjwa mmoja, na kwa bahati nzuri zote mbili unazo karibu tayari.

Tumalizane kwanza na ushauri uliopewa.

Kaka yako ana hoja, ila si yote. Ni kweli kwamba ukiingia kwenye Windows 11 kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, hujipa kazi ya kuchukua folda za Desktop, Documents na Pictures na kuzipandisha mtandaoni, na mtu akaendelea na shughuli zake bila habari. Lakini akaunti isiyolipiwa ina GB 5 tu, nawe una GB 400. Hesabu haikubali. Nafasi ikijaa, OneDrive huacha kupandisha na kutoa maonyo ambayo watu huyafunga bila kuyasoma. Yawezekana kabisa kwamba huko mtandaoni kuna picha za harusi ya 2014 na hakuna hata ukurasa mmoja wa tasnifu. Usinisadiki mimi wala kaka yako. Chukua simu, fungua onedrive.com, ingia kwa akaunti yako, uitafute tasnifu, kisha utazame tarehe yake. Kama anazungumzia akaunti uliyopewa na chuo, nafasi yake huenda ikawa kubwa zaidi, lakini hiyo ni mali ya chuo. Ukihitimu wanaweza kuifunga.

Kuna jambo jingine la OneDrive linalowapoteza watu. Tazama alama ndogo kando ya jina la faili kwenye laptopu. Tiki ya kijani maana yake faili iko ndani ya mashine. Wingu la buluu maana yake iko mtandaoni pekee, na hapo unachokiona ni jina lake tu. Mtu hunakili folda yenye mawingu hayo kwenda diski ya nje wakati intaneti imekatika, inamgomea, naye anadhani diski ndiyo mbovu. Kabla ya kunakili chochote, bofya folda kwa kitufe cha kulia uchague faili zikae daima kwenye kifaa, usubiri mawingu yote yageuke tiki.

Na hata nafasi ingetosha, OneDrive, Google Drive na Dropbox zimeundwa kwanza kabisa kusawazisha, yaani kuhakikisha kilicho hapa ndicho kilicho kule. Ni kioo. Ukijipaka masizi, kioo nacho kina masizi. Ukifuta faili kwenye laptopu, kule inafutwa. Virusi vikiifunga, iliyofungwa ndiyo itakayopanda. Zipo kinga, sisemi hazipo: kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, OneDrive binafsi na Google Drive vilevile, na OneDrive hukuwekea matoleo ya awali ya faili hadi 25. Kwa kosa la jana, hiyo ni kinga nzuri sana. Kwa ile folda ya Kidato cha Tatu uliyoifuta miezi miwili nyuma, haifai kitu.

Sasa hiyo flashi ya TB 2. Usiinunue. Flashi halisi za ukubwa huo zipo, lakini bei yake humfanya mtu akae chini kwanza. Ya bei ya kutupa, iwe inauzwa kwa mkono Luthuli Avenue au kwa picha ya kuvutia mtandaoni, karibu kila mara ni ya uongo, na uongo wenyewe umo ndani ya kifaa. Kila flashi ina kichipu kidogo kinachoiambia kompyuta ukubwa wake. Mdanganyifu hukipanga upya kitangaze TB 2 ilhali kumbukumbu iliyomo ni, tuseme, GB 32. Unanakili, na Windows haikupi kosa lolote. Ukishapita GB 32, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani, au hutupwa hewani. Majina ya faili yote unayaona, ukubwa wake unauona, ila ukifungua picha unakuta rangi ya kijivu. Hili ndilo linaloniudhi katika bidhaa hizi: huharibu faili huku zikikupa utulivu wa moyo. Kama kuna mtu ameshanunua, programu ya bure ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Mac na Linux, hujaza flashi nzima kisha ikasoma kila kitu upya, na uongo hujitokeza.

Hata flashi ya kweli siishauri kwa hifadhi ya muda mrefu. Huweka data kwa chembe za umeme zilizofungiwa ndani ya seli, na zile za bei ya chini hutumia seli za daraja la chini. Nyingi hufa ghafla, bila dalili. Ichukulie ni ya kubebea mtihani kutoka nyumbani hadi printa ya shule, basi.

Fundi wa kuklonu hakudanganyi, anakuuzia tu dawa ya ugonjwa mwingine. Kuklonu ni kuiga diski nzima, pamoja na Windows, programu na mipangilio. Faida yake ni kasi: SSD ikifa asubuhi, unatia klonu na jioni unafanya kazi kama kawaida. Mwenye duka la kuchapisha lenye programu ghali zilizosajiliwa anaihitaji. Wewe Windows unaweza kuiweka upya bure, kwa kuwa leseni yake kwa kawaida imefungamanishwa na mashine yenyewe, na Word utaipakua. Zaidi ya hayo, klonu ni ya saa moja ya siku moja. Ukiklonu tena mwezi ujao, ya mwezi huu imefutika, na kosa ulilolifanya katikati limenakiliwa kwa uaminifu mkubwa. Pesa hiyo iweke.

Tunabaki na diski yako ya TB 1. Hii ndiyo nguzo ya mpango wako, mradi ni mzima. Kwa kuwa ni ya miaka kadhaa iliyopita na ni ya TB 1, naichukulia kuwa ni ya sahani zinazozunguka. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, yaani chini sana ya unene wa unywele. Ukiielewa picha hiyo utajua kwa nini diski hii isiguswe wala kusogezwa ikiwa inafanya kazi, na kwa nini kuanguka kutoka mezani kunaweza kuimaliza. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, uichomeke diski, utazame. Diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake: sehemu ngapi zimeharibika zikahamishwa, ngapi zinasubiri kuhamishwa, imefanya kazi saa ngapi. Rangi ya buluu, endelea. Ya njano, isikabidhiwe jambo lolote la maana hata kama bado inafungua faili vizuri. Nyekundu, inakili leo uiage. Na buluu nayo si ahadi. Diski nyingine hufa zikiwa buluu.

Watu huuliza kama SSD ya nje si bora. Inavumilia kuanguka, ni ya kasi, haina kinachozunguka. Ila kwa shilingi ile ile unapata nafasi ndogo zaidi, ikifa mara nyingi hufa kwa mara moja bila kukohoa, na ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme chembe zake zinaweza kuvuja. Kwa mtu anayebeba diski kila siku ningesema SSD. Kwa diski inayokaa nyumbani au kwa dada, ile ya kuzunguka inakutosha na inakuachia pesa.

Kwenye diski hiyo, usinakili kwa mkono kila Ijumaa ukifuta ya zamani. Utachoka kabla ya muhula kwisha, na kila mara utakuwa unafuta historia. Windows ina programu yake iitwayo File History, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Kwenye Windows 11 imefichwa kwenye Control Panel, lakini ipo na ni ya bure. Inatazama faili zilizobadilika na kuweka toleo jipya bila kufuta la awali, hivyo unaweza kurudi kwenye sura ya tatu ya tasnifu ilivyokuwa kabla msimamizi wako hajakushauri uivunje. Wa Mac wana Time Machine inayofanya kazi ya namna hiyo tangu 2007. Ukiiwasha File History, ingia kwenye mipangilio ya juu, mahali pa muda wa kutunza matoleo uchague yatunzwe hadi nafasi itakapohitajika. La sivyo huyaweka milele, na diski itajaa.

Hapa pana mtego, na ni pa kwenda taratibu. File History haichukui diski nzima. Inachukua folda za kawaida kama Documents, Pictures, Music, Videos na Desktop. Folda uliyoiunda mwenyewe moja kwa moja kwenye diski C, nje ya folda hizo, ukaiita "Shule", haimo. Ihamishie ndani ya Documents. Pili, kama OneDrive imeshazichukua folda hizo, vyote viwili vinaweza kugongana, na faili zenye alama ya wingu hazitanakiliwa. Ningeingia kwenye mipangilio ya OneDrive nikazima uhifadhi wa folda hizo kwanza. Ukifanya hivyo huenda ukafungua Documents uikute tupu. Usitishike. Mara nyingi faili zimebaki ndani ya folda ya OneDrive kwenye mashine hiyo hiyo, na utazikata na kuzibandika mahali pake. Fanya hivyo mchana, bila haraka, baada ya kuwa na nakala moja nzima kwenye diski ya nje. Nasisitiza: baada.

Nakala ya kwanza iache ifanyike usiku mmoja. GB 400 za picha ndogo ndogo huchukua muda, hata kwa kebo ya USB 3.0. Baada ya hapo kila wiki ni dakika chache. Chomeka diski jioni moja ya wiki, iache imalize, itoe kwa utaratibu, uiweke mbali na laptopu. Usiiache imechomekwa saa zote. Virusi vya fidia, kama WannaCry ya Mei 2017 iliyolaza kompyuta za hospitali Uingereza na nchi nyingine nyingi, hufunga kila diski vinayoiona, ikiwemo ya nakala. Diski iliyo kabatini havioni. Hata kishindo cha stima hupita kwenye chaja hadi kwenye mashine na kilichochomekwa kwayo, na wewe mwenyewe unakumbuka giza la nchi nzima la tarehe 25 Agosti 2023. Laptopu ina betri, kwa hiyo kupotea kwa stima si tatizo kubwa. Kurudi kwake ndiko kwa kuangaliwa. Na begi la laptopu, Mwalimu, lisibebe diski hiyo hata siku moja.

Diski ya nyumbani inakukinga na laptopu kuibwa njiani, kufa kwa SSD, virusi na kosa la kufuta. Haikukingi na mwizi aliyeingia nyumbani, moto au mafuriko. Kwa hayo inatakiwa nakala iliyo kwingine. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo mafundi huitaja kwa tarakimu 3-2-1: nakala tatu kwa jumla, ile unayoitumia ikiwemo; aina mbili tofauti za vifaa; moja iwe mbali. Tarakimu zenyewe si Msahafu, ila hiyo moja ya mbali ndiyo ambayo watu huikwepa kila mara.

Ya mbali inaweza kuwa mtandaoni, inaweza kuwa Thika. Tupige hesabu. Intaneti ikikupa megabiti 10 kwa sekunde za kupandisha, bila kukatika, GB 400 zitachukua karibu siku nne kamili, usiku na mchana. Ikikupa megabiti 2, ambazo si ajabu kwenye mtandao wa ploti majirani wote wakitazama filamu, ni zaidi ya siku 18. Ukiangalia kasi unayolipia, angalia ya kupandisha, maana tangazo hutaja ya kushusha. Bando za simu usizifikirie kwa kazi hii. Na ikumbukwe kwamba kurejesha nako ni safari: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Kenya ilidhoofika kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na faili zake mtandaoni pekee alisubiri.

Lakini tazama ndani ya hizo GB 400. Tasnifu, mitihani na alama, hata kwa miaka kumi ya ualimu, sidhani vitazidi GB 2 au 3. Sauti ya saa moja ya MP3 ya kawaida ni takriban MB 60. Nyanya akiwa alisimulia saa 20, ni kama GB 1.2. Yaani vile ambavyo ukivipoteza hakuna duka la kuvinunua, wala siku ya kuvirekodi tena, ndivyo vidogo kuliko vyote. Vinavyojaza mashine ni picha na, nakuhakikishia, video. Google hutoa GB 15 bure, zikigawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na tangu Juni 1, 2021 picha mpya zote huhesabiwa humo. Usizipoteze kwa video za sherehe. Weka humo tasnifu na sauti za nyanya, na zipande kila siku bila wewe kufanya lolote. Zikijaa kabisa hata barua pepe huacha kuingia, kwa hiyo acha nafasi.

Picha na video, GB mia tatu na kitu, ziende Thika kwa diski ya pili. Wewe ni mwalimu, kalenda yako imeshakupangia: kila shule zikifungwa, mara tatu kwa mwaka, unamtembelea dada, unarudi na diski, unaijaza upya, na safari ijayo inarudi kwake. Diski ya kwenda mbali haihitaji File History. Nakili folda nzima kwa mkono, ipe jina la tarehe. Ukipata pesa za diski mpya, ile mpya iwe ya kazi ya kila wiki nyumbani, na hii ya zamani, kama CrystalDiskInfo imeipitisha, ndiyo iende Thika. Kabla hujapata pesa, basi diski uliyo nayo nyumbani na Google kwa vile vidogo vimeshakutoa katika hatari kubwa, na hujatumia shilingi.

Je, ulipie nafasi ya mtandaoni? Kama intaneti yako ingekuwa ya faiba ya uhakika, ningesema ndiyo bila kusita, maana nakala isiyotegemea kumbukumbu zako wala nauli ya Thika ndiyo hudumu. Google ina mpango wa GB 100 na mingine mikubwa hadi TB 2 na zaidi, na asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya M-PESA GlobalPay. Kwa hali yako ya sasa, GB 100 zingebeba picha bora za familia na kuacha video. Lijue sharti lake tu: ukiacha kulipa ukawa umezidi nafasi, hutaweza kupandisha kitu kipya, na ukikaa hivyo miaka miwili Google inaweza kufuta yaliyomo. Akaunti isiyoguswa kabisa kwa miaka miwili nayo inaweza kufutwa.

Funga mlango wa akaunti hiyo vizuri. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha ufanye jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: chapisha zile namba kumi za dharura ambazo Google hukupa, uziweke na vyeti vyako. Siku utakayonyang'anywa simu na laptopu kwa pamoja, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha ndani kabla hata laini haijasajiliwa upya.

Neno moja kuhusu alama za wanafunzi. Hizo si zako peke yako. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa data binafsi, na za watoto zinalindwa kwa uzito zaidi. Waulize shuleni kama wanaruhusu zikae kwenye akaunti yako ya kibinafsi. Popote zikaapo, faili ya Excel yenyewe iwekee nenosiri la kuifungua, si la kuzuia kuhariri tu. Excel za siku hizi huifunga kwa msimbo madhubuti, hivyo iwe kwenye diski ya Thika au mtandaoni, aliyeiokota haoni kitu. Mitihani ambayo haijafanywa, vivyo hivyo. Kama Windows yako ni Pro, BitLocker itafunga diski nzima ya nje. Ya Home haina uwezo huo kwa diski za nje. Andika nenosiri kwenye karatasi mbili zilizo mahali tofauti. Ukilipoteza, hakuna fundi atakayekufungulia, na akikwambia anaweza, mpe mgongo.

Kujitumia tasnifu kwa barua pepe kila jioni, kama wafanyavyo wanafunzi wengi, sitakucheka. Mradi haizidi MB 25 za Gmail, kila barua inakaa na tarehe yake, na hilo ni jambo. WhatsApp kwa picha, hapana. Ukizituma kama picha za kawaida inazibana na ubora unapotea.

Ukishapanga yote, jaribu kurejesha. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu. Chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta ya shule au ya dada, fungua picha za miaka mitatu tofauti, fungua tasnifu, kisha sikiliza sauti ya nyanya hadi mwisho wake, maana faili iliyokatika huanza vizuri. Fanya hivyo kila unapobadilishana diski na Thika. Ukikuta video moja haifunguki, linganisha na ya kwenye laptopu kabla hujafuta chochote.

Mwisho, yapo mambo usiyapambanie nyumbani. Diski ikianza kutoa mlio wa tik-tik, ikiwa imeanguka, imelowa, inanuka kuungua, au kompyuta inadai uifomati, yaani uifute na kuipanga upya, kabla ya kuitumia, izime. Usiichomeke mara ya pili kuona kama itakubali, usiitie kwenye mchele wala friji, na usipitishe programu ya kurejesha faili juu ya diski inayokufa, maana kila mzunguko kichwa kinaweza kukwaruza sahani zaidi. Tafuta mtu anayefanya kazi ya kurejesha data hasa, si kila anayeuza chaja. Muulize maswali matatu. Je, ataiga diski nzima kwanza kisha afanyie kazi nakala? Je, ataifungua, na kama ndiyo, ana chumba kisicho na vumbi? Je, atakwambia bei kabla ya kuanza, na usipoafiki atakurudishia diski kama ilivyo? Akisema atajaribu kuifomati kwanza, ichukue uondoke. Kwa faili iliyofutwa kwenye SSD ya laptopu, jiandae kwa habari mbaya: Windows huiarifu SSD kwamba nafasi hiyo haina kazi tena, nayo huisafisha yenyewe, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Huko fundi bora kabisa anaweza kurudi mikono mitupu.

Pima diski yako kwanza. Ikitoka njano, nitumie picha ya ukurasa wote wa CrystalDiskInfo, ukifunika namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), kabla hujanunua nyingine. Wakati mwingine kasoro ni ya kebo, na kebo ni rahisi kuliko diski.